Haja ya Gari Hutengenezwa Wapi?



Swali nililoombwa kulijibu ni fupi: kumiliki gari ni haja ya maisha, au ni mtindo wa maisha ambao mtu hujichagulia? Najua wengi mmeingia humu na jibu tayari. Kijana aliyepata kazi mwaka huu ataniambia ni haja, maana amechoka kufika ofisini akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama anayeuza samaki aina ya mikebuka ufukweni ataniambia ni mambo ya wakubwa, maana amelea watoto wake wote na kuwasomesha bila gari kuingia uani kwake hata siku moja. Nawaheshimu wote wawili. Lakini naona swali hili tunawapelekea wasiohusika. Tunamuuliza mnunuzi, wakati anayepaswa kuulizwa ni mji.

Dai langu la jioni hii nitalisema mapema, ili kila nitakalolieleza mlipime kwa dai hilo. Mtu hazaliwi na haja ya gari. Haja hiyo hutengenezwa na barabara ilivyopitishwa, na treni inayokuja au isiyokuja, na umbali kati ya nyumba na hospitali, na saa ambayo chombo cha mwisho huondoka. Kuna miji inayomlazimisha maskini kununua gari asiloliweza, na kuna miji inayomwacha huru. Mji wetu wa Kalemie bado uko upande wa pili. Uhuru huo tumeupata bila kuupanga, na tunaweza kuupoteza vivyo hivyo.

Tuanze na mji wenyewe. Kalemie haikujengwa na gari. Misafara iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika kwa majahazi, ikashukia Mtoa, kaskazini ya hapa, kisha ikashika njia ya miguu kuelekea Manyema. Kiswahili hiki ninachowasemesha kilitufikia kwa maji na kwa miguu. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, kampuni ya reli ya CFL iliyoanzishwa na mfanyabiashara Empain mwaka 1902 ilitandika reli kutoka Kabalo, kilomita 273, nayo ikafika ziwani mwaka 1915. Albertville, kama mji ulivyoitwa siku zile, ulikua pale ambapo reli inakutana na bandari. Ndiyo sababu hata leo umejinyoosha kando ya ziwa, mrefu na mwembamba, maji upande huu na vilima upande ule. Anayetoka mtaa wa Kindu kwenda bandarini hafuati barabara kuu kumi, anafuata moja. Mji wa umbo hili unafaa miguu, unafaa baiskeli, na gari moja kubwa linalopita kila baada ya muda lingeuhudumia wote.

Mwaka huohuo wa 1915 nchi yetu ilishuhudia jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulisimulia kama kisa cha mashujaa, nami nalisimulia kwa sababu nyingine. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani utawala wa ziwa. Wakaleta mashua mbili za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town kwa meli, na kutoka hapo kwa treni hadi Fungurume. Reli ilipoishia, mashua zikafungwa kwenye magari ya magurudumu na kuvutwa na trekta mbili za mvuke juu ya milima ya Mitumba. Sehemu hiyo ya barabara ndiyo iliyowatesa kuliko zote. Ilibidi miti ikatwe, madaraja zaidi ya mia yajengwe, ng'ombe waongezwe pale trekta ziliposhindwa. Injini za mvuke zilikunywa maji kuliko walivyotazamia, na wanawake wa vijiji vya njiani ndio walioyabeba kichwani, mitungi kwa mitungi, ili mashine ziendelee kutembea. Mashua zilipofika tena kwenye reli, kisha kwenye mto Lualaba, na tena kwenye reli ya Kabalo, kazi ikawa nyepesi. Mwishoni mwa Oktoba zilikuwa hapa kwenye mto Lukuga. Tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Manahodha wamepewa nishani zao. Mimi nawataja wale wanawake wenye mitungi. Mashine ya barabarani, tangu siku zile katika nchi hii, ilikwenda kwa sababu watu wasioimiliki waliibebea maji, waliichongea njia na kuijengea madaraja. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa kuwa linagusa mfuko wa kila mmoja wenu.

Miaka arobaini na moja baada ya reli kufika ziwani, mwaka 1956, reli ya Kamina hadi Kabalo ilikamilika, na Kalemie ikaunganishwa kwa reli na kusini ya Katanga yote. Siusifu ukoloni: reli zile zilitandikwa kwa kazi ya shuruti, na shabaha yake ilikuwa kuondoa mali. Hata hivyo baba zetu walizipanda, wakaenda Lubumbashi kusoma na kutafuta kazi, wakarudi na vitambaa na cherehani. Katika kizazi kile, mtu wa Kalemie aliyesema kwamba hawezi kuishi bila gari angeonekana ana jambo lingine analolitafuta.

Sasa tazameni kilichotokea katika mwaka uleule wa 1956 huko Marekani. Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga barabara kuu za taifa, kilomita zipatazo 66,000. Tramu na treni za mijini zilikuwa zimekwisha kuanza kufa. Los Angeles, uliokuwa na mtandao mkubwa wa treni za umeme, ulifunga ile ya Pacific Electric mwaka 1961, na tramu za mwisho mwaka 1963. Maduka yakahamia mbali na nyumba, viwanda vikahamia mbali na maduka, na watu wakafuata barabara.

Nayaeleza ya Marekani kwa sababu ndugu zetu wako huko. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, wa Uvira na wa pwani yetu hii. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huo. Baada ya miaka mingi kambini wengi wao walipelekwa kuishi Marekani. Zungumza nao kwa simu. Wakimaliza kukusimulia baridi, watakusimulia gari. Kiwanda kiko nje ya mji, zamu inaanza alfajiri, basi halifiki huko, au linafika mara moja kwa saa na Jumapili halipo. Mtu aliyetua na begi moja anatafuta leseni kabla hajajua Kiingereza vizuri, na anaingia deni la gari kabla hajanunua kitanda. Ukimwambia ndugu huyo kwamba gari ni mtindo wa maisha, utakuwa umemtukana. Kwake ni haja, kali kama ya kodi ya nyumba. Akilipoteza gari, anapoteza kazi.

Lakini mtu huyohuyo, alipokuwa Nyarugusu, hakuwa na haja hiyo. Hakuibeba kutoka Fizi wala hakuizaa moyoni mwake kwenye ndege. Aliikuta ikimsubiri, imejengwa kwa lami na saruji na watu waliokufa kabla hajazaliwa. Ndiyo maana nakataa kuwagawa watu katika makundi mawili, wenye haja na wenye kupenda makuu, kana kwamba tofauti iko kwenye tabia zao.

Na sisi? Kalemie ya leo imesimama kwenye njia panda, na mteremko unatuvuta upande mbaya. Mnajua hali ya reli. Treni ya abiria imekuwa jambo la kusubiriwa kwa siku na wiki, na watu wanapanda juu ya mabehewa ya mizigo. Tarehe 12 Septemba 2019, treni ya mizigo iliacha reli huko Mayibaridi, ndani ya mkoa wetu wa Tanganyika, na wengi waliokufa ni watu waliokuwa wamejipachika juu ya shehena. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wasafiri wasio na treni. Mnajua pia hali ya ziwa: Desemba 2014 meli Mutambala ilizama ikitoka hapa kuelekea Uvira, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kila chombo cha watu wote kinapokufa hivi, mwenye uwezo hujisemea moyoni kwamba bora awe na chake. Haja inaanza hapo. Haianzi kwa mwuzaji wa magari.

Tatizo ni kwamba gari la mtu mmoja haliwezi kuziba pengo hilo. Hesabu ya taifa husema Kongo ina kilomita 152,400 za barabara za kila aina, na kati yake 58,129 ndizo zenye faida kwa taifa zima. Zilizotiwa lami ni takriban 3,000 tu. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Lubumbashi, inapita Kasomeno na Pweto, inafika hapa kwetu, inaendelea Fizi, Uvira hadi Bukavu. Mradi wa Pro-Routes, ulioanza mwaka 2008, uliifungua tena sehemu kubwa yake baada ya miaka ya kufa kabisa. Mvua zikafanya kazi yake, malori yaliyojazwa kupita kiasi nayo yakafanya yake, na mahali pengi udongo umerudi kuwa udongo. Mwenye gari dogo la mjini, kuanzia Oktoba mvua zinapoanza, hawezi kulitegemea kumfikisha Manono wala Nyunzu. Amenunua gari la barabara ya Lumumba, hapa mjini. Na mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia mjini, hata karibu na ufuko maji yaliyafunga mapito ambayo jana yake yalikuwa barabara.

Nani basi anapita mwaka mzima? Ni yule mwanamume anayesukuma baiskeli yenye madumu ya mafuta ya mawese kutoka ndani ya mkoa, jasho linamtiririka, kijiti kimefungwa kwenye usukani ili aweze kuiongoza akiwa ubavuni. Ni motari, kijana wa pikipiki, anayejua kila kidimbwi cha njia ya Bendera. Ni mitumbwi yenye injini inayopeleka unga na kuleta ndagala. Hao ndio usafiri wa Tanganyika. Lakini sikilizeni mikutano yetu juu ya maendeleo: tunazungumza juu ya barabara pana na magari, na baiskeli haitajwi hata mara moja, kama vile ni aibu itakayojiondokea yenyewe tukinyamaza.

Gharama ya gari nayo tuiangalie kwa makini, kwa sababu vijana wengi hujua bei ya kununua tu. Gari linalotufikia hapa mara nyingi ni Toyota iliyokwisha kutumika Japani. Linashukia Dar es Salaam, linasafirishwa hadi Kigoma, linavushwa ziwa. Kila kituo kina mkono unaopokea. Likifika kuna forodha, kuna karte roze, kuna vinyeti ya kila mwaka, kuna kontroli teknike, kuna asiransi ambayo sheria inailazimisha tangu 1973. Usukani wake uko kulia, wakati sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka gari lote litokeze. Kwenye Hiace, mlango wa abiria uliotengenezwa kwa barabara za Japani unafungukia katikati ya barabara yetu, na mtoto anashukia mbele ya pikipiki. Petroli inavuka ziwa kutoka Tanzania, na siku meli inapochelewa utainunua kwa chupa kwa akina Kadhafi wa kando ya njia, bila kujua imechanganywa na nini. Kipuri kinaagizwa. Mshahara ni wa faranga, lakini kipuri ni cha dola.

Mwandishi mmoja, Ivan Illich, alifanya hesabu juu ya Wamarekani katika kitabu chake juu ya nishati na usawa, kilichotoka miaka ya mwanzo ya 1970. Alijumlisha saa ambazo mtu wa kawaida anakaa ndani ya gari, saa anazolitafutia maegesho, na saa anazofanya kazi ili kulipia gari lenyewe, mafuta, bima, kodi na faini. Akapata saa zaidi ya 1,600 kwa mwaka, ili mtu asafiri maili 7,500, yaani kama kilomita 12,000. Ukigawanya, mwendo halisi wa gari unakuwa kilomita saba na nusu kwa saa. Mwenye baiskeli anampita.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa hapa, na nawaombeni mwifanye nyumbani kwa namba zenu wenyewe, maana za Illich ni za watu wenye mishahara mikubwa na lami nzuri. Andika bei ya gari likiwa hapa Kalemie, siyo likiwa Yokohama. Ongeza karatasi zote, matairi, mafuta, fundi. Gawanya kwa kile unachopata kwa siku ya kazi. Jibu litakuwa idadi ya siku unazofanya kazi kwa ajili ya gari. Kisha hesabu ni siku ngapi gari hilo litakupunguzia mwendo wa robo saa kutoka Lubuye hadi mjini. Kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa karani wa mkoa, sioni namna ya hesabu hiyo kutoka vizuri. Kwa mwenye duka la vyakula anayebeba magunia kila siku, kwa fundi mwashi mwenye saruji na vyuma, kwa anayefanya teksi, inaweza kutoka vizuri sana. Kwao gari ni chombo cha kazi, kama cherehani kwa mshonaji, na sitapoteza muda wenu kubishana nao.

Lipo jambo ambalo hesabu hailigusi, nalo ni heshima. Mwaka 2022 wabunge wa taifa walipewa jipu za Hyundai Palisade, na nchi nzima ikazungumza. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Ila niliona pia katika hasira ile jinsi gari lilivyokaa ndani ya vichwa vyetu: jipu ilionekana ndiyo alama kwamba mtu amefika. Mwandishi André Gorz, huko Ufaransa mwaka 1973, alieleza kwamba gari ni anasa ya aina ambayo utamu wake unategemea wengine kuikosa. Wote wakiwa nayo, wote wanakwama barabarani pamoja. Kinshasa wanalijua hilo kila jioni. Kutamani heshima si dhambi. Mtu aliyedharauliwa maisha yake yote, aliyerushiwa matope na magari ya wengine tangu utotoni, akilitamani gari mimi namwelewa. Kinachoniuma ni kwamba tumeiacha heshima ya barabarani iwe ya wenye gari peke yao. Mama anayetembea na beseni la samaki kichwani hana ukingo wa kupita. Analazimishwa kuchagua kati ya mfereji na bampa. Mji ukimheshimu huyu mama kwa njia safi ya miguu, yenye kivuli na daraja imara juu ya kila kijito, nusu ya tamaa ya gari itapungua bila mtu kuhubiri.

Nimefika sasa mahali ambapo wale wanaosema gari ni haja wana nguvu yote, na sitaki kulipita kwa haraka. Ni usiku. Ni saa nane, mvua inanyesha, na binti ameshikwa na uchungu tangu jioni. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Motari wamelala, na hata akipatikana mmoja, mwanamke huyu hawezi kukaa juu ya pikipiki. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika makala iliyobadilisha namna dunia inavyotazama vifo vya wazazi. Walionyesha kwamba mwanamke huuawa na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Aina ya pili ni ya barabara na chombo. Mwanamke anaweza kuwa na mume mwenye akili na daktari hodari, akafa kati yao.

Usiku huo hufanyika nini katika mitaa yetu? Mnakijua. Mtu anakwenda kugonga kwa yule mwenye gari. Hata kama hawasalimiani, anagonga. Na mwenye gari anaamka, anavaa shati juu ya nguo za kulalia, anatafuta funguo. Asubuhi wanamwambia asante, labda wanamrudishia mafuta, labda hapana. Wiki ijayo ni msiba, na gari lilelile linabeba jeneza. Mwezi ujao ni harusi. Katika mitaa kama Kataki na Kindu, gari lenye karte roze ya mtu mmoja ndilo ambulansi ya avenyu nzima. Wenye magari walioko humu ndani wanatikisa vichwa, maana wanaujua uzito huo na hakuna aliyewahi kuuandika kwenye gharama zao.

Hapa ndipo naona jibu la Kalemie kwa swali letu. Avenyu yenye nyumba arobaini ina haja ya gari moja linalowaka saa nane usiku. Haina haja ya magari arobaini. Haja ipo, ni ya kweli, ni ya kufa na kupona. Lakini mwenye haja ni avenyu, na sisi tumeiacha ibebwe na mtu mmoja kwa hiari yake, au kwa kuogopa lawama zetu. Na avenyu isiyo na mwenye gari, au ambayo mwenye gari wake yuko safarini, imeachwa hivihivi.

Kwa nini basi tusiifanye kazi hiyo ya wote iwe ya wote? Likelemba tunazijua, hakuna mtaa wa Kalemie usio na mama wanaochanga kila wiki na kupokea kwa zamu. Mchango mdogo kama huo unaweza kuweka akiba ya mafuta kwa ajili ya usiku, kumlipa mwenye gari kwa haki badala ya kumwomba kama mkimbizi, na kuandika ukutani, kwenye kituo cha afya, nani yuko zamu wiki hii na namba yake ya simu. Hilo halisubiri Kinshasa. Fedha za kununua gari la wagonjwa zikipatikana, vizuri. Lakini gari hilo nalo litahitaji mafuta na dereva wa usiku, na mitaa iliyozoea kuchanga italilinda lisigeuke kuwa gari la bwana fulani.

Yapo yasiyowezekana kwa likelemba. Reli ya Kabalo haiwezi kutengenezwa na mama wa mtaa. SNCC ni shirika la reli la taifa, na wabunge wetu wa Tanganyika wanapaswa kupimwa kwa treni kabla ya kupimwa kwa kitu kingine chochote: treni ya abiria yenye siku inayojulikana, ili mtu wa Nyunzu apange safari kama binadamu. Meli pia: yenye makoti ya kuokolea kwa kila abiria, na isiyoondoka ikiwa imejaa kupita kiasi. Jirani zetu wanatuonyesha kwamba mambo haya hupangwa. Mwaka 2016 Dar es Salaam ilianzisha mabasi yaendayo haraka, yenye njia yao peke yao, na mwaka huohuo Kigali ikaanza kufunga barabara zake kwa magari Jumapili kwa siku zilizopangwa, watu wakatembea na kukimbia katikati ya lami. Sisemi tuige kila kitu. Mji wetu ni mdogo na hauna msongamano wa Dar. Nasema wale waliamua, sisi tunaachia mambo yaende.

Na yule kijana mwenye akiba, aliyeniuliza juzi kama anunue gari au la? Nilimwuliza analitaka limfanyie kazi gani siku ya Jumatatu asubuhi. Kama lina kazi ya kila siku, anunue, aweke pembeni fedha za matairi na fundi tangu mwanzo, na atafute lenye usukani wa kushoto hata likichelewa. Kama jibu lake ni Jumapili na harusi, akiba hiyo ina kazi nyingine katika mkoa huu.

La mwisho ni lile la wanawake wenye mitungi, nililoahidi kulirudia. Tangu sheria ya mwaka 2008, Kongo ina mfuko wa kutengeneza barabara, FONER, unaopata fedha zake kutokana na mafuta yanayouzwa na vizuizi vya kulipia njia. Wengi wanadhani wanaolipa ni wenye magari. Tazameni vizuri. Mama anayepanda pikipiki kutoka Lubuye analipa, kwa sababu nauli yake inanunua petroli. Anayekula muhogo ulioletwa na lori analipa. Anayesaga mahindi kwenye mashine ya dizeli analipa. Mkoa huu una watu wengi zaidi wanaolipia barabara bila kuwa na gari kuliko wenye magari. Kwa hiyo wakati bajeti ya barabara za mji inapojadiliwa, wasukuma baiskeli, motari na wauza samaki waende wakae viti vya mbele kama walipaji, wakiwa na orodha yao mkononi: kivuko kipi kimebomoka, ukingo upi hauna njia ya miguu, kilima kipi kinawashinda na mzigo wakati wa mvua. Na waombe kujibiwa kwa tarehe na kwa jina la anayehusika na kazi hiyo.